Gari Lililovuliwa Koti

Jumapili, katikati ya mwezi wa saba. Ukungu umelala juu ya Uluguru tangu alfajiri, manyunyu yanakuja na kukatika, na mpaka saa sita hii sijavua sweta.

Mwanangu, baridi ya namna hii hunirudisha siku moja ya zamani, kabla hujazaliwa, nilipokuwa kijana wa gereji pale Msamvu. Juzi uliponiambia umepata kiwanja Kihonda na unataka kufungua gereji yako mwenyewe, nilinyamaza, ukadhani sijapendezwa. Haikuwa hivyo. Nilikuwa najiuliza nikupe nini, maana vifaa unavyo kuliko nilivyokuwa navyo mimi, na shule umekwenda mbali kuliko mimi niliyeishia darasa la saba. Nikaona nikuandikie habari ya gari la Bi Mwanaidi. Nitajaribu kuisema kama ilivyokuwa, bila kumwongezea mtu wala kumpunguzia, na pale ambapo sina hakika nitakuambia sina hakika.

Miaka ile ilikuwa ya ruksa, biashara ya nje ilipoachiwa watu. Kabla ya hapo magari tuliyoyajua yalikuwa Land Rover, malori ya mashamba ya mkonge na matrekta. Halafu milango ikafunguliwa, yakaanza kuingia magari madogo ya mitumba kutoka Japani. Redio zake hazikushika stesheni zetu, maandishi ya ndani hakuna aliyeweza kuyasoma, na mengine hayakuwa na klachi. Watu walikuwa wanakuja gereji kuchungulia tu pale chini kwenye pedeli.

"Sasa mguu wa kushoto unafanya nini?" aliuliza dereva mmoja wa lori.

"Unapumzika," akajibiwa.

"Basi hilo ni gari la mgonjwa," akasema, akaenda zake.

Gereji ilikuwa ya Mzee Pazi, Mluguru wa Matombo, mtu mrefu, mpole wa sauti, aliyejifunza ufundi kwenye malori ya mkonge toka ujana wake. Mimi alinichukua sijui hata kushika spana, akanilea. Nikisema habari zake, ujue nasema habari za mtu ambaye ningeweza kumwita baba.

Mzee Pazi alikuwa na desturi moja, na sisi wote tulikuwa nayo. Kila gari lililoingia pale kwa mara ya kwanza, alifungua pale mpira wa rejeta unapoingia kwenye injini, akatoa themostati, akaitupia kwenye kopo. Themostati, kama unavyojua, ni kile kidude cha shaba kinachozuia maji yasikimbilie kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake. Mzee alisema hicho ni kifaa cha nchi za theluji. "Huku kwetu gari halihitaji koti," alikuwa akisema, na kazi yenyewe tuliiita hivyo, kulivua gari koti. Hakuwa akiitoza fedha. Ilikuwa kama kumkaribisha mgeni maji ya kunywa. Na kwa haki yake, malori yale ya zamani yenye rejeta zilizoziba na mizigo mizito yalikuwa yanachemsha ovyo milimani, na yakishavuliwa koti wenyewe walirudi kushukuru. Sikuwahi kumwona mtu wa mji huu akipinga.

Mtu wa pili ni Gervas. Alikuja kwetu kutoka Dar, alikofanya kazi kwenye gereji ya magari haya mapya, na hakuruhusu mtu asahau. Tulimwita Mjapani. Mimi sikumpenda. Nilisema nitakuwa mkweli, basi hilo nalo ni kweli. Nikifunga boliti alikuwa akisimama nyuma yangu na kusema, "Polepole, Athumani, hilo si trekta la babu yako." Lakini kazi aliijua, na sikuwahi kumwona akiiba hata nati.

Wa tatu ni Bi Mwanaidi, mfanyabiashara wa vitenge. Alikuwa akifuata mzigo Dar na kuuza sokoni hapa mjini. Ndugu zake walimcheka aliponunua gari, akawanyamazisha kwa kuliendesha mwenyewe. Lilikuwa jeupe, dogo, otomatiki. Alilileta kwetu kwa sevisi, Gervas akabadilisha oili ya giaboksi, likaondoka. Baada ya siku chache likarudi, na Bi Mwanaidi alishuka bila hata kuzima injini.

"Mzee Pazi, shikamoo. Gari langu mmelifanya nini?"

"Marahaba, mama. Lina nini?"

"Njiani linalia kama mashine ya kusaga! Zamani likishashika kasi lilikuwa linatulia, unaweza hata kuongea. Sasa kutoka hapa mpaka Chalinze linapiga kelele, na mafuta linakunywa kama limetoka jangwani."

Mzee akaliendesha mwenyewe, akarudi uso umebadilika. Kwa mwendo uleule wa barabara kuu, mshale wa mizunguko ya injini uliokuwa ukisimama kwenye mbili na kitu sasa ulikuwa umepita tatu na nusu. Akauliza mbele yetu sote, pale kwenye benchi la kazi, wateja wawili watatu wakiwa wamekaa wanasubiri: "Nani aliligusa giaboksi?"

"Mimi nilibadilisha oili," Gervas akasema. "Oili sahihi."

"Kopo lake liko wapi?"

Kopo lilikuwa limekwishatupwa. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mzee alituuliza mmoja mmoja nini kilifanyika kwenye gari siku ile, na kila mtu akajibu lilelile: lilibadilishwa oili ya giaboksi. Hakuna aliyedanganya. Mzee akavuta pumzi, akasema mbele za wale watu, "Basi umeniulia giaboksi la mama wa watu. Ijumaa nikitoka msikitini tunalishusha. Likikutwa limeungua, sanduku lako la spana linabaki hapa kulipia jingine, na wewe unatafuta pengine pa kufanya kazi."

Akachukua sanduku la Gervas, akaliweka chini ya benchi lake, akalifunga kwa kufuli.

Huenda hujui, mwanangu, sanduku la spana lilikuwa nini kwa fundi wa wakati ule. Spana hazikuwa madukani kama sasa. Mtu alizikusanya kwa miaka, moja moja, na bila hizo hakuna gereji ambayo ingempokea isipokuwa kuosha magari. Na giaboksi la otomatiki hakuna aliyewahi kulifungua mji huu. Likishashushwa na kufunguliwa na watu waliozoea Land Rover, lingeungua au lisingeungua, lisingerudi kuwa lilivyokuwa. Wote tulilijua hilo. Gervas alilijua zaidi. Siku zile alikuwa anakuja asubuhi, anasalimia, anakaa kwenye tairi mikono mapajani. Hata utani wake uliisha, na sikutegemea kwamba ningeukumbuka.

Ijumaa asubuhi ilikuwa kama leo, ukungu mpaka chini na manyunyu. Saa tano na kitu Bi Mwanaidi akalileta gari lishushwe giaboksi. Alipokuwa anamkabidhi Mzee ufunguo alisema maneno ambayo sidhani aliyaona ya maana.

"Na vitu vyenyewe vinashangaza. Jana mchana nilikwama kule sokoni kwenye foleni muda mrefu, jua kali, nilipotoka kuelekea Bigwa likatulia kabisa kama zamani. Nikasema alhamdulillahi limepona. Leo asubuhi, hilo, linalia tena."

Mzee akaitikia tu, akaenda kuvaa kanzu. Mimi maneno yale yalinikaa. Sikujua otomatiki, lakini nilijua kitu kilichoungua hakiponi mchana kikaungua tena asubuhi. Nilisita. Mimi ni nani nimfundishe Mzee Pazi? Na ni kwa ajili ya Gervas? Nikasimama pale na kitambaa cha oili mkononi kwa muda ambao naona aibu kuukumbuka, kisha nikamfuata mlangoni.

"Mzee, naomba tulijaribu mara moja zaidi. Mimi na Gervas."

Akaniangalia. "Mpaka nitoke msikitini. Nikirudi nalikuta juu ya jeki."

Gervas akashika usukani, mimi nikakaa kando yake. Bi Mwanaidi akafungua mlango wa nyuma, akaingia na mkoba wake.

"Mama, si ungesubiri hapa?" Gervas akamwambia.

"Baba, gari langu. Mkiliua, niwepo mazishini."

Tukashika barabara ya Dar. Gari likabadilisha gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, laini kabisa. Kisha Gervas akaongeza mwendo, akangoja. Hakuna kitu. Injini ikaendelea kulia.

"Umesikia? Ya nne haiji," akasema. Ya nne ndiyo ile gia ya mwisho, ya kupumzisha injini barabara ikinyooka. Akabonyeza kitufe chake pale kwenye mkono wa gia, taa ya dashibodi ikawaka, akabonyeza tena ikazima. "Kitufe kizima. Oili nimeipima mara ngapi, ipo, nyekundu, hainuki moto."

"Haitelezi?" nikamuuliza.

"Angalia mwenyewe." Akakanyaga mafuta. Mshale wa mizunguko ukapanda na mshale wa mwendo ukapanda nao, pamoja, kama watu wawili wanaotembea. "Ingekuwa inateleza, injini ingepiga kelele na mwendo ungebaki nyuma. Hii haitelezi, imegoma kupanda tu. Nilimwambia Mzee, hakunisikiliza."

"Ulimwambia kwa ukali," nikasema.

"Na wewe ulisema nini? Ulisimama pale kama nguzo."

Bi Mwanaidi akasema kutoka nyuma, "Gombaneni huku mnaangalia barabara."

Kweli kioo cha mbele kilikuwa kimeanza kuingia ukungu kwa pumzi zetu na yale manyunyu nje. Gervas akafungua upepo wa moto kukisafisha. Ukungu haukuondoka, ukazidi. Niliweka kiganja pale upepo unapotokea.

"Umefungua wa moto?"

"Mpaka mwisho."

"Mbona unatoka wa baridi?"

"Huo huo!" Bi Mwanaidi akadakia. "Zamani ulikuwa unachoma. Nilipokwenda Mzumbe asubuhi moja nilikaribia kuiva humu ndani kama andazi. Siku hizi ni baridi tupu, nafuta kioo kwa khanga."

Nitakuambia lililofuata, na hapa sina hakika. Watu wa Msamvu miaka mingi walisema ni mimi niliyegundua. Mimi nakumbuka nilinyoosha kidole kwenye mshale wa joto la injini, uliokuwa umelala kule chini kabisa kana kwamba gari limewashwa sasa hivi. Lakini Gervas naye alikuwa amekwisha kupunguza mwendo na kuuangalia huohuo. Tuliuona pamoja. Kama kuna aliyetangulia, alitangulia kwa kupepesa kope moja.

Tukasimama pembeni maeneo ya Kingolwira, tukafungua boneti. Mpira wa juu wa rejeta, ambao baada ya mwendo kama ule haushikiki bila kitambaa, niliushika kwa mkono mtupu, ulikuwa vuguvugu.

"Themostati iko wapi?" Gervas akauliza.

"Lilivuliwa koti."

"Lini?"

"Siku ileile. Wewe ulikuwa chini unamwaga oili, Mzee alikuwa huku juu."

Akakaa kwenye ukingo wa barabara, akashika kichwa. "Athumani, haya magari yana bongo la umeme. Kule Dar walikuwa wanasema halitoi gia ya mwisho mpaka injini ipate joto. Nilisikia kwa masikio yangu haya. Nikalisahau."

Fikiri juu ya hilo, mwanangu, maana mimi nimelifikiri miaka yote. Tulikuwa tumeulizwa mmoja mmoja siku ile gari lilifanywa nini, na hakuna aliyetaja koti. Mzee mwenyewe hakulitaja, na aliyelitoa ni yeye. Hata Gervas, aliyekuwa anapigania mkate wake na alikuwa akiusikia mlio wa spana ya Mzee juu ya kichwa chake, hakulitaja. Hatukuficha. Lilikuwa jambo tunalolifanya kila siku, kwa kila gari, bure, kwa hiyo halikuhesabika kuwa jambo lililofanyika.

Lakini mpaka hapo tulikuwa na maneno tu, na maneno Gervas alikwisha kuwa nayo kabla. Tulitaka gari lenyewe liseme. Bi Mwanaidi alikuwa na boksi la kubebea vitenge nyuma ya gari.

"Mama, tunaomba boksi."

"La nini?"

"Tulivalishe koti."

"Mmeanza wazimu," akasema, lakini akalitoa. Tukalichana, tukaziba sehemu ya mbele ya rejeta ili upepo wa njiani usiipoze injini. Ilikuwa hatari, nakuambia wazi usije ukafanya bila kuangalia. Gari likichemsha kwa ajili ya boksi letu, tungekuwa tumeua na injini, na hapo Gervas angemalizika kabisa na mimi pamoja naye. Tukarudi barabarani. Gervas aliangalia njia, mimi sikuondoa macho kwenye mshale wa joto. Ukaanza kupanda. Polepole, kama mtu mvivu anayetoka kitandani. Nilisikia Bi Mwanaidi anavuta uradi nyuma yangu. Injini ikawa inalia, inalia, mshale ukakaribia katikati, na mara gari likajishika kidogo, kama linavuta pumzi, na mlio ukashuka.

"Limezimika!" Bi Mwanaidi akapiga kelele.

"Halijazimika, mama," Gervas akasema. "Limetulia."

Mshale wa mizunguko ulikuwa umeshuka mpaka mbili na kitu. Tulikwenda hivyo kwa muda, tukisikia matairi kwenye lami yenye maji. Kisha tukasimama, tukatoa boksi, tukaendelea na safari. Injini ikapoa, gia ya nne ikakatika, mlio ukarudi. Tukarudisha boksi, ukaondoka. Hapo sikuwa na shaka tena, na mimi ni mtu wa shaka.

Tulipogeuza kurudi mjini ndipo shida nyingine ilipoanza.

"Nitalisema palepale kwenye benchi," Gervas akasema. "Kila mtu asikie nani aliharibu."

"Mzee ni mtu mzima. Tumwite pembeni."

"Mimi aliniita pembeni?"

"Gervas, nakuomba. Niache mimi niseme kwanza."

Tulipoyaona mabati ya gereji ndipo akakubali. "Sema. Lakini akishika spana kulishusha giaboksi, sisubiri."

Mzee alikuwa amekwisha kurudi. Jeki ilikuwa imewekwa, mnyororo wa kushushia umening'inizwa, na watu wamejaa, maana habari ya kufunguliwa kwa otomatiki ilikuwa imeenea. Nikamsalimia, nikamwomba tuongee nyuma ya gereji. Nikamweleza, kichwa nimeinamisha. Aliposikia neno themostati alininyamazisha kwa mkono.

"Nimevua magari koti mangapi, Athumani?"

"Mengi, Mzee."

"Yaliharibika?"

"Sijui, Mzee. Hatukuwahi kuuliza."

Uso wake uliniogopesha. "Na wewe unataka tufanyeje?"

Nikamwambia nilichokuwa nimekipanga njiani. Tuirudishe themostati taratibu, tuseme kuna kitu tumekikaza, Gervas arudishiwe sanduku lake, yaishe. Nilidhani namstahi.

"Yaishe kwa nani?" akasema. Hakupaza sauti, Mzee Pazi hakuwa mtu wa kupaza sauti. "Gervas nilimsema pale kwenye benchi, watu wanasikia. Leo nikimsafisha huku nyuma, wale wataendelea kumwita mharibifu, na mimi wataendelea kuniita fundi. Na wewe utaendelea kuvua makoti, maana uliniona mimi nikivua. Unaniheshimu au unanificha?"

Swali hilo bado ninalo mpaka leo.

"Kwanza nione," akasema. Akachukua kopo lake, akachagua themostati ya juu, ile ya gari la Bi Mwanaidi, akaenda nayo kwa mama lishe wa jirani na kumwomba sufuria ya maji yaliyokuwa yanachemka kwa ajili ya chai. Akaitumbukiza mbele ya watu wote. Tukainama kutazama. Kile kimdomo kilichokuwa kimefumba kikaanza kuachia, kidogo kidogo, mpaka kikafunguka chote. Akaitoa kwa kijiko, akaipuliza, kikafumba tena.

"Hata kwetu inafunguka," akasema taratibu, kama anaongea na nafsi yake. Mama lishe akauliza nani atakunywa chai ile.

Mzee akavua kanzu, akavaa ovaroli. Akaenda kwenye benchi, akafungua kufuli, akalitoa sanduku na kuliweka miguuni pa Gervas.

"Jamani," akawaambia wale watu, "mlinisikia nikisema kijana huyu ameua giaboksi. Giaboksi ni zima. Gari hili nililipoza mimi kwa mikono yangu, nikamtwisha yeye. Mlionisikia siku ile mnisikie na leo." Kisha akanyoosha mkono. "Gervas, niazime kumi na mbili yako. Nataka kulirudishia koti lake."

Gervas alikuwa na maneno. Nilijua, nilikuwa nimeyasikia njia nzima, na yalikuwa makali. Akafungua sanduku, akatafuta, akampa Mzee spana kwa mikono miwili.

Jioni ile gari lilikwenda Mikese na kurudi likiwa limetulia, Bi Mwanaidi akiendesha mwenyewe. Alichodai ni boksi jingine tu badala ya lile lake.

Nisikudanganye kwamba mimi na Gervas tukawa marafiki. Alikaa na sisi kama mwaka, akarudi Dar, na mpaka siku anaondoka aliniita mtu wa trekta. Wala Mzee Pazi hakubadilika kwa kila kitu. Malori ya zamani aliendelea kuyavua koti mpaka alipoacha kazi, na sijui kama alikosea, maana yale sikuyapima. Magari madogo hakuyagusa tena kabla ya kumuuliza mwenye gari linaendaje.

Sasa, mwanangu, hili ndilo ninalotaka ulipeleke Kihonda. Mtu akikuletea otomatiki inayozungusha injini kupita kiasi barabara kuu, usikimbilie kushusha giaboksi. Tazama kama mwendo na mizunguko vinapanda pamoja au vinaachana. Bonyeza kitufe cha gia ya mwisho, pima oili, inuse. Tazama injini ina joto lake au imepoa. Muulize mwenyewe lini linatulia na lini linalia, na umsikilize hata anapopayuka, kisha uende ukalijaribu katika hali ileile inayolifanya lilie, siyo hali inayokufaa wewe. Badilisha kitu kimoja, ukirudishe, uone.

Na ukiuliza nini kilifanyika kwenye gari, usiishie kwa aliyekuwa na kazi ngumu ya siku ile. Uliza na yale mnayoyafanya kila siku bila kufikiri, na uanze na mikono yako mwenyewe. Siku utakapomtuhumu mfanyakazi wako na ukagundua umekosea, na itakuja siku hiyo kwa sababu wewe ni binadamu, msafishe mahali palepale uliposimama ulipomchafua, mbele ya masikio yaleyale. Na ukiwa na kijana anayekuheshimu kama nilivyomheshimu Mzee Pazi, mfundishe asikufiche.

Mwenyezi Mungu aifanye mikono yako iwe na baraka, akupe macho ya kuona na moyo wa kurudi nyuma unapopotea. Wanaokula kwa kazi yako wale kwa raha, na wanaofanya kazi kwako waondoke jioni vichwa vyao viko juu. Nimekuridhia.

Manyunyu bado yanaendelea. Mama yako amesonga ugali wa dona, tumekula na kabichi ya Mgeta na dagaa wa kukaanga, na mimi nikaongeza pilipili.